Malipo kwa Herufi

Mimi hulipwa kwa herufi, si kwa neno.
Neno lina mwenyewe; herufi ni mkono wangu.
Kwa hiyo Mwijaa Makame sikumjua kwa siasa zake.
Nilimjua kwa urefu.

Alipokuja mara ya kwanza kibandani kwangu Kuze
alikuwa karani wa kuhesabu magunia bandarini,
shati limefungwa hadi kifungo cha koo.
Akataka jina lake ukutani, jeusi, na chini yake: MAJI.
Herufi kumi na mbili, na nne za maji.
Hela hakuwa nazo. "Andika, Fundi," akasema,
"nikipita nitakulipa."
Akapita, kwa kura kumi na tisa.

Diwani. Jina likarefuka mbele:
MHESHIMIWA, herufi kumi nyingine,
juu ya mfereji wa Kaa Chonjo.
Mfereji ukatoa maji wiki tatu,
kisha ukatoa upepo,
kisha ukabaki mahali pazuri pa mbuzi kujikunia.
Nilikwenda kudai. Aliniita ndugu, akanipa soda.

Akawa naibu wa meya. Usiku mmoja, manane,
dereva wake akabisha: "Amka, tumehama chama."
Kuta sitini, kutoka Bondeni hadi Makadara,
nifute taa, nichore ufunguo, kabla ya adhana ya alfajiri.
Ufunguo wa arubaini na kitu niliuchora nusu usingizini,
meno yake yakatazama juu, na mpaka leo
wapo wanaoapa kwamba ule ulikuwa na maana.

Ndipo akapelekwa ng'ambo, mkutano wa miji ya visiwani,
kwenye nchi moja ndogo katikati ya Pasifiki.
Alirudi na shati la maua na hadithi:
ati waziri mkuu wa huko hupanga foleni ya mkate,
ati raia wote wa nchi ile hawalijazi soko la Kongowea.
"Fundi," akaniambia, macho yakimeta,
"kule mimi ningekuwa rais."
Nikamuuliza: na kule, herufi hulipwa na nani?
Akacheka sana. Hakulipa.

Kisha ule uwanja nyuma ya skuli,
ambapo wanangu walichezea mpira wa matambara,
uliamka asubuhi una ukuta,
ukuta una geti, geti lina askari,
na hati ya kiwanja ina sahihi iliyopinda kama yake.
Hakuna aliyepiga kelele. Ila usiku
mtu alipita kwenye kuta zangu na kitambaa na kipande cha makaa,
akafuta J, A, A, akaweka Z na I.
Hakugusa MWI yangu.
Nilisimama pale kama mtu mbele ya kioo.
Kazi safi. Na ya bure.

Kura zikamwacha. Mara ya pili zikamcheka.
Gari likaenda, kisha dereva,
kisha simu ikawa hailii hata siku ya Idi.
Chumvi ya kisiwa hiki haina chama:
hula rangi ya juu, ikarudisha ya chini.
Pale Mwembe Tayari utamwona mgombea wa juzi
ametoboka kifuani, ndani yake mna ufunguo,
na ndani ya ufunguo, taa.

Juzi akaja. Kanzu imefifia, miguu imevimba kwa sukari.
Ana ukuta mmoja tu sasa, wa nyumba yake,
na wapita njia washauzoea vibaya.
"Niandikie USIKOJOE HAPA."
Nikahesabu kwa vidole: kumi na mbili.
Akatoa sarafu, akazipanga mezani moja moja,
midomo ikihesabu bila sauti
kama vile bado kuna magunia.

"Nitie na jina, Mheshimiwa? La jina sikutozi."
Alinitazama kitambo.
"Jina liwate," akasema. "Watazidisha."

Nilimaliza kabla ya adhuhuri, rangi nyeusi, mikono miwili.
Chini ya U bado imo M ya zamani.
Kama huitafuti, huioni.